Mamkubwa Anajibu: "Bosi anasema yeye kazaa wanne na hakuwahi kuomba ruhusa ya maziwa"

Mwezi huu sijui mliambiana au vipi, maana barua karibu zote zimekuja na jambo moja, kazi na mtoto, mtoto na kazi. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu walioandika kama yeye ni wengi mno, zingine nimeenda nazo harakaharaka mnisamehe, na ya mwisho ilinichukua siku mbili kabla sijaweza kuandika kitu.

Mamkubwa shikamoo. Mi ni mhasibu kwenye kampuni moja huku Posta, Dar, nakaa Chamazi. Nimejifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, na likizo yangu inaisha wiki tatu zijazo, mtoto atakuwa na wiki 10 tu kwa sababu miguu ilinivimba nikaanza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua. Nikienda kazini natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri narudi saa mbili usiku, foleni unaijua. Nilimpigia bosi wangu, mwanamke mwenzangu, nikamuulizia muda wa kunyonyesha, kanijibu yeye kazaa watoto wanne na hakuwahi kuomba ruhusa ya maziwa. Mama mkwe yupo hapa tangu nijifungue, anasema niache kazi mume wangu ana mshahara, na maziwa ya kukamua yatamharibu mtoto tumbo. Mume wangu yupo katikati hasemi chochote, anaangalia simu. Dada wa kazi ninaye, ni mzuri, tumekaa nae mwaka mmoja na nusu. Usiku silali, namwangalia mtoto nalia tu. Naogopa kuonekana mama mbaya na naogopa nikirudi nikute meza yangu ina mtu. Nifanyeje? Nisiyelala, Chamazi.

Marahaba mwanangu. Hongera ya mtoto, naona katika barua yote hakuna mahali mtu kakupa hongera.

Tuanze na hicho kilio. Kulia siku za mwanzo kunampata karibu kila mzazi. Lakini we umeshafika wiki ya saba na bado usiku hulali, kwa hiyo siku ukienda kliniki na mtoto mwambie nesi neno kwa neno kama ulivoniandikia mimi, kwamba silali na nalia. Ikiwa unakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala fofofo, chakula hakipiti, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna ugonjwa wa sonona baada ya kujifungua na unatibika, sio uchawi wala sio udhaifu, na mama mkwe hawezi kuuona kwa macho.

Sasa chukua kalamu mhasibu wangu tupige hesabu, maana naona umebeba huu mzigo wote kwa mkupuo mmoja kana kwamba ni wa maisha. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa yako peke yake mpaka miezi 6, tuseme wiki 26. Utarudi kazini akiwa na wiki 10. Zinabaki 16. Haya, je likizo yako ya mwaka umeshaichukua? Sheria inakupa siku 28 za likizo ya mwaka na hizo haziliwi na likizo ya uzazi, ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo andika leo uombe uziunganishe. Mwajiri ndo anapanga uende lini, anaweza kukataa, ila ukiomba mapema na ukaonyesha nani atafunga hesabu za mwezi wako wengi wanakubali. Akikubali zimebaki wiki 12. Hizo 12 ndo za kupigania, baada ya hapo mtoto anaanza uji na mtori na maziwa yako yanakuwa sehemu tu ya chakula, ingawa inashauriwa uendelee kumnyonyesha mpaka afike miaka 2.

Kuhusu bosi wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, ndo hiyohiyo iliyokupa siku 84 zako za uzazi kwa malipo (ungejifungua mapacha zingekuwa 100), na kifungu hichohicho kinasema mama anayenyonyesha aruhusiwe muda wa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Kwa hiyo yeye kuzaa wanne bila kuomba ni stori yake, tumpe pole, inawezekana kabisa alikuwa anaumia na hakuna aliyemwambia. Mi mwenyewe mwanangu wa kwanza nilimzaa 1996, nilikuwa nafunga kitambaa kifuani naingia kwenye kikao, siku moja maziwa yakavuja mpaka kwenye faili la watu, nikasema nimemwagikiwa chai. Chai nyeupe! Wanaume wote wakaangalia dari. Nilijisifia hiyo stori miaka mingi kana kwamba ni ushujaa, siku hizi nikiikumbuka naona aibu kwamba nilikuja kuwaambia na mabinti wa chini yangu wavumilie kama mimi.

Usimpigie tena simu. Andika barua fupi au imeili, kwa mtu wa HR (wanaoshughulikia mambo ya wafanyakazi) na nakala kwa bosi wako, sema unarudi tarehe fulani, unanyonyesha, unaomba masaa yako mawili kwa mujibu wa kifungu hicho, na kwa kuwa unakaa mbali huwezi kwenda Chamazi na kurudi mchana, unapendekeza uyachukue yote mwisho wa siku, yaani utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Ofisi nyingi za hapa mjini zinafanya hivyo na wala haiwi ugomvi. Ukitoka saa tisa foleni ya Mbagala haijakaza, unaweza kuwa nyumbani kabla jua halijazama, hapo tayari umeokoa karibu masaa matatu ya mtoto. Usiweke maneno ya kujitetea kwenye barua, usiandike "najua nitawasumbua". Hesabu zako ziwe safi tu, basi.

Hofu ya meza kuwa na mtu. Mwajiri haruhusiwi kukuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito au uzazi. Wakikuachisha kweli, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ila una siku 30 tu za kufungua shauri la kuachishwa, usikae nyumbani ukilia zikapita. Natumaini hutafika huko. Na nikupe mbinu moja ndogo, kama tarehe ya kurudi inaangukia Jumatatu waombe uanze Alhamisi, hata kwa kukata siku tatu za likizo ya mwaka. Wiki ya kwanza inakuwa na siku mbili tu alafu unapumua. Jumatatu ya kwanza mpaka Ijumaa ni ndefu kama mwaka, waulize waliopita.

Maziwa sasa, na hapa mwite mama mkwe akae asikilize. Maziwa ya kukamua hayamharibu mtoto tumbo, kinachoharibu ni uchafu wa vyombo na joto. Kwenye friji, kule ndani kabisa na sio mlangoni, yanakaa mpaka siku 4. Kwenye friza hata miezi 6 bado mazuri. Yakiwa mezani wanasema masaa 4, lakini hayo ni masaa ya nyumba yenye nyuzijoto 25, nyumba ya Chamazi mwezi wa pili ina nyuzijoto 25 saa ngapi? We hesabu mawili. Ofisini beba deli dogo lenye barafu, humo yanakaa siku nzima bila wasiwasi. Yasichemshwe jikoni wala kwenye maikrowevu, unaweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto yanapata uvuguvugu. Yaliyoyeyuka hayarudi kwenye friza. Na mtoto apewe kwa kikombe kidogo kisafi, chupa ni tabu kuisafisha na wengine wakishazoea chuchu ya chupa wanalikataa ziwa.

Mashine ya kukamulia kama hela haipo usijisumbue, mikono inatosha, mwambie nesi akuelekeze, ni kazi ya dakika 20 ukishazoea. Anza wiki hii, kamua mara moja alfajiri baada ya mtoto kunyonya maana muda huo maziwa ni mengi, hata ukipata kidogo tu usikate tamaa, weka andika tarehe. Ukianza kazi kamua saa nne na saa saba, usipitishe siku nzima na kifua kimejaa, mwili ukiona maziwa hayatoki unajua hayahitajiki na unapunguza. Usiku mnyonyeshe anavotaka. Watu watakwambia mzoeshe kulala, mi nakwambia miezi hii usiku ndo unaojaza mchana.

Mama mkwe usishindane nae kwa maneno. Mpe kazi. Mama aliyelea watoto anaogopa kuona mjukuu analelewa bila yeye, sasa we mwambie mama nakuomba ukae mpaka mwezi wa kwanza wa kazi upite, uwe unamwangalia mjukuu wako pamoja na dada, we ndo mwenye macho. Nakuhakikishia neno la kuacha kazi litapungua lenyewe. Na siku mbili tatu kabla hujarudi fanya mazoezi, toka nyumbani saa kumi na mbili nenda hata kwa shoga yako ukakae mpaka mchana, wao wabaki na mtoto na vikombe, wafanye makosa yao we ukiwa karibu.

Mumeo anayeangalia simu, mpe barua inayofuata aisome kwa sauti.

Mamkubwa habari. Mimi ni mwanaume, niko Mwanza. Mke wangu amepandishwa cheo benki, sasa anarudi saa moja jioni mpaka saa mbili. Binti yetu ana miaka mitatu na ameanza kumwita dada wa kazi "mama". Iliniuma sana. Nimemwambia mke achague, cheo au mtoto. Amenuna wiki ya pili hii, chakula ananipa lakini haongei. Nimekosea wapi? Baba Mwenye Uchungu.

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu. Ina mke, ina binti, ina dada, ina cheo. We mwenyewe unarudi saa ngapi? Hujasema. Na kama dada anaitwa mama, we unaitwa nani?

Mtoto wa miaka mitatu anampa jina hilo anayemlisha, anayemwogesha na anayemjibu akiita. Hajamsahau mama yake, wala dada hajaiba kitu, na tafadhali usimfokee mtoto wala kumfukuza binti wa watu kwa hilo, nimeona nyumba zikifanya hivo na mtoto akalia mwezi mzima akimtafuta. Ana nafasi ya watu wengi moyoni kuliko sisi.

Ulichokosea ni kuweka mizani yenye mikono miwili wakati nyumba ina mitatu. Cheo cha mkeo kimemchukulia kama masaa mawili ya jioni, haya masaa mawili yanaweza kukaliwa na baba. Sheria yetu ilikupa siku 3 alipozaliwa, najua ni chache mno na hata hizo wengi wenu mnazimalizia kwenye kununua nyama ya supu, lakini hakuna sheria iliyokukataza saa kumi na mbili jioni. Chukua kuoga na kula kwa jioni. Kila siku, sio ukijisikia. Baada ya mwezi mmoja sikiliza mtoto akianguka anaita nani.

Kwa mkeo nenda useme umekosea kusema achague. Usiongeze "lakini".

Shikamoo mama mkubwa. Niko Mombasa, nafanya kazi ya mapokezi kwa hoteli, mkataba wa mwaka mmoja. Nina mimba ya miezi minne na meneja sijamwambia, naogopa. Mwenzangu alipoenda kuzaa aliporudi wakamwambia hana likizo ya mwaka, ashaimaliza uzazini. Na maziwa anakamulia chooni, nikimwona naona ni mimi kesho. Nimwambie lini meneja? Wa Mapokezi.

Marahaba binti yangu. Huko kwenu Kenya mambo haya yameandikwa wazi kuliko mnavyoambiwa kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, miezi 3 kwa mshahara kamili, na imesema waziwazi kwamba mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa ajili ya kwenda uzazi. Kwa hiyo mwenzio kadhulumiwa, akadai. Baba naye anapata wiki 2, nyie mna bahati, sisi huku tunahesabu siku.

Choo ndo kilichoniudhi zaidi. Nani anaandaa chakula cha mtu chooni? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha mama anayenyonyesha, pawe na pa kunawia, friji au kitu cha kupoza, umeme, kiti na meza ndogo, na imekataza chumba hicho kuwa msalani. Na mapumziko ya kukamua yapo juu ya yale ya chakula, mpaka jumla ya saa moja kwa masaa nane ya kazi. Hoteli yenye vyumba mpaka juu ikakosa kimoja cha wamama, watajieleza vipi?

Meneja mwambie sasa. Kisheria unaweza kusubiri mpaka siku 7 kabla ya kuanza likizo, ila kwa mkataba wa mwaka mmoja nakushauri usisubiri, mwambie kwa maandishi na ubaki na nakala, ili likitokea la kutokea ijulikane tarehe walizojua. Kukuachisha kwa sababu ya mimba hawaruhusiwi. Mkataba kuisha wenyewe tarehe yake hiyo ni habari nyingine, na hapo ndo wanapojifichaga, kwa hiyo anza mapema kuulizia utaendelea lini na nani atasaini.

Barua ya mwisho imekuja kwenye karatasi ya daftari, kwa mkono, penseli. Mahali hakutaja na hata angetaja nisingeandika.

Shikamoo mama. Mimi nafanya kazi za ndani hapa Dar. Hili gazeti bosi wangu analeta kutoka ofisini nikimaliza kazi nasoma. Nina mtoto wangu wa kike ana miaka minne, yuko kwa mama yangu Iringa. Miezi kumi na nane sijamwona. Bosi ni mtu mzuri hanipigi wala hanitukani, mshahara ananipa lakini mwezi mwingine anachelewa. Sasa amezaa na anarudi kazini naambiwa mtoto nitakaa nae mimi. Nampenda mtoto. Nataka kuomba niende nyumbani hata wiki mbili lakini naona aibu, ataona namuacha kwenye shida. Kwa simu mwanangu juzi aliniita dada. Nifanyeje mama.

Marahaba mwanangu. Juu nimeandika kurasa nzima za wiki 10 na wiki 26, na masaa mawili kwa siku, alafu wewe unaniambia miezi kumi na nane.

Nitakujibu kama nilivowajibu wenzio waliosoma, kwa sheria na kwa hesabu, kwa sababu na wewe ni mwajiriwa. Sheria ya 2004 haikusema mhasibu tu. Una siku 28 za likizo ya mwaka zenye malipo, na una siku moja ya kupumzika kila wiki, masaa 24 mfululizo, na hapo kwenda sokoni au kanisani umebeba mtoto wa bosi haihesabiki. Miezi kumi na nane maana yake siku 28 za mwaka wa kwanza umeshazifanyia kazi zote. Sio fadhila unaomba.

Namna ya kuomba. Subiri siku ya utulivu, Jumapili baada ya chakula, bosi akiwa amekaa, usimwambie mlangoni wala kwa meseji. Sema dada, nina jambo, nataka kwenda nyumbani kumwona mwanangu. Anza na neno mwanangu, inawezekana hajui kama unaye, wengi hawaulizi. Alafu taja tarehe, usiseme "siku moja". Ukisema niende wiki hizi tatu kabla hujaripoti kazini na bibi wa mtoto yupo hapa nyumbani, nirudi siku mbili tatu kabla hujaanza, hatakuona unamuacha kwenye shida, ataona umempangia. Na mshahara mwambie hapohapo, kwamba uwe tarehe moja kila mwezi, kwa sababu mama yako Iringa anausubiri wa kumnunulia mtoto mahitaji. Unakabidhiwa mtoto mchanga siku nzima, hiyo ni kazi mpya juu ya ile ya zamani, kwa hiyo na nyongeza mzungumze. Usiogope. Mtu aliyelala macho wiki saba akifikiria nani atabaki na mwanae anajua vizuri thamani yako, hata kama hajawahi kuitamka.

Hilo la kukuita dada limekuchoma najua. Hapo juu nimemwambia baba mmoja wa Mwanza kwamba mtoto anamwita mama yule anayemlisha, we usilichukue kama amekufuta. Amesikia watu wanakuita dada kwenye simu akaiga. Uwe unampigia siku maalum, saa maalum, mwambie bibi yake amuweke akusubiri.

Ukipata ruhusa, mabasi ya Iringa yanaondoka asubuhi pale kituo cha Magufuli Mbezi, kata tiketi siku moja kabla. Chukua sweta, Iringa sio Dar. Na ukimnunulia viatu usikumbuke mguu uliouacha, mwambie mama yako aupime kwa kamba akutajie ni sentimita ngapi.